Kuta za Mawe na Mkono wa Kampuni: Kisa cha Jela ya Kaunti ya Carbon, Pennsylvania

Kisa hiki ni cha jengo moja na miaka minne. Jengo ni jela ya mawe ya Kaunti ya Carbon, jimbo la Pennsylvania, Marekani, katika mji ambao wakati ule uliitwa Mauch Chunk. Miaka ni 1875 hadi 1879. Katika kesi zilizoendeshwa kipindi hicho, wanaume saba wenye asili ya Ireland walihukumiwa kifo kwa mauaji na kunyongwa ndani ya jela hiyo.

Nimekiandika kwa ajili ya wanaosoma sheria, wanaofanya kazi katika serikali za mitaa, na wale wanaotunza majengo ya kale. Waliotajwa kwa majina ni wale ambao historia ya umma na kumbukumbu za mahakama zimewataja tangu zamani. Mashahidi wa kawaida, jamaa za waliokufa na walionunua jengo baadaye nimewaacha bila majina.

Hoja yangu naiweka mapema ili msomaji aipime anapoendelea. Kuta za jela ile ziliwazuia watu wenye hasira waliotaka kuua nje ya sheria, na katika hilo zilistahili sifa. Hazikuizuia kampuni, yaani wenye reli na migodi ya makaa. Kampuni haikuwa na haja ya kuvunja mlango, kwa kuwa iliingia na mpelelezi wake, polisi wake na mawakili wake, na kaunti ikawapisha.

## Usuli: makaa, reli na watu

Mauch Chunk ni mji uliobanwa kwenye bonde jembamba la mto Lehigh. Kilichouzaa ni makaa ya mawe, yale magumu yanayowaka kwa moshi kidogo. Tangu 1827 makaa yalishushwa kutoka Summit Hill kwa reli ambayo mabehewa yake yaliteremka mlima kwa uzito wao wenyewe. Baadaye zilikuja reli kubwa, na pamoja nazo matajiri wa reli. Jumba la Asa Packer, mwenye reli ya Lehigh Valley, lilijengwa mjini hapo 1861, na bado limesimama.

Waliochimba makaa hawakuishi hivyo. Mchimbaji alilipwa kwa kiasi alichotoa, akakatwa gharama, na mara nyingi alilazimika kununua chakula katika duka la kampuni ileile iliyomlipa. Kuhusu usalama, tukio moja latosha. Septemba 1869 mgodi wa Avondale, katika kaunti jirani ya Luzerne, uliungua. Ulikuwa na njia moja tu ya kutokea. Watu 110 walikufa, wakiwemo wawili waliokwenda kuokoa wenzao. Chama cha wachimbaji kilichoongozwa na John Siney kilipata nguvu kubwa baada ya msiba ule, kwa madai ya mshahara na ya uhai.

Kulikuwa pia na mgawanyiko wa asili. Mafundi na wasimamizi wengi walitoka Wales na Uingereza, Waprotestanti. Vibarua wengi walikuwa Wairishi Wakatoliki, wao au wazazi wao wakiwa wameikimbia njaa kuu ya Ireland ya 1845 hadi 1852. Walikuja na lugha yao, dini yao, na kumbukumbu ya kudhulumiwa na wenye mashamba. Chama chao cha kusaidiana, Ancient Order of Hibernians, kilikuwa halali na kina matawi mengi. Magazeti na kampuni zilidai kwamba ndani yake kulikuwa na kundi la siri la wauaji, wakaliita Molly Maguires, jina lililotoka vijijini Ireland. Wanahistoria hadi leo wanabishana kundi hilo lilikuwa na mpangilio kiasi gani. Hawabishani juu ya mauaji yenyewe. Wasimamizi wa migodi waliuawa kweli, na Wairishi pia waliuawa kweli.

## Jela yenyewe

Msomaji wa Kenya ameizoea kaunti, lakini magereza ya Kenya yako chini ya serikali ya kitaifa, kama ilivyo Tanzania. Marekani mambo ni mengine. Kaunti hujenga jela yake na kuiendesha yenyewe, kwa kawaida chini ya sherifu aliyechaguliwa kwa kura. Humo huwekwa wanaosubiri kesi na wenye vifungo vifupi. Wenye vifungo virefu hupelekwa gereza la jimbo.

Jela ya Kaunti ya Carbon ilijengwa kuanzia 1869 na ikaanza kutumika miaka miwili hivi baadaye. Mchoraji wake alikuwa Edward Haviland, mtoto wa John Haviland aliyechora gereza maarufu la Eastern State kule Philadelphia, lililofunguliwa 1829. Gereza lile la baba lilikuwa na falsafa yake: mfungwa akae peke yake, kimya, atafakari dhambi zake. Jela ya mtoto ni ndogo zaidi, lakini sura ya ngome imebaki. Mbele, upande wa barabara, kuna makazi ya msimamizi na familia yake, ukuta mnene na mnara. Nyuma yake, jengo likiwa limeegemea kilima, ndiko ziliko seli.

Mpangilio wa ndani ni muhimu kwa kisa hiki, kwa hiyo nauelezea polepole. Seli, zisizofika thelathini, zimepangwa kwa ghorofa mbili kandokando ya korido moja pana iliyo wazi hadi juu. Ghorofa ya pili ina roshani ya chuma inayozunguka. Kinachotokea katikati ya korido huonekana au husikika kutoka karibu kila mlango. Chini ya sakafu kuna vyumba vya giza vya adhabu, na vilitumika hadi ndani kabisa ya karne ya 20. Mlango wa mbele una kengele. Tutarudi kwenye kengele hiyo.

Jengo hili halikuwa mahali pa kufungia tu. Mwaka 1834 Pennsylvania ilikuwa jimbo la kwanza Marekani kukomesha kunyonga hadharani. Kuanzia hapo aliyehukumiwa kifo alinyongwa ndani ya kuta za jela ya kaunti iliyomhukumu. Hali hiyo iliendelea hadi 1913, bunge la jimbo lilipoamua hukumu za kifo zitekelezwe kwa kiti cha umeme katika gereza moja la jimbo. Nia ya 1834 ilikuwa njema: kuondoa karamu za watu waliokuwa wakifurika kutazama mtu akifa. Lakini matokeo yake yalikuwa kwamba kifo kikawa jambo la wachache walioalikwa na sherifu, ndani ya mlango uliofungwa.

## Mambo yalivyofuatana

Franklin B. Gowen alikuwa rais wa reli ya Philadelphia and Reading. Kabla ya hapo aliwahi kuwa mwendesha mashtaka wa Kaunti ya Schuylkill, jirani ya Carbon. Alitaka reli yake imiliki pia makaa, na chama cha wachimbaji kilikuwa kikwazo. Mwaka 1873 aliikodi kampuni ya upelelezi ya Allan Pinkerton. Pinkerton alimtuma James McParland, kijana wa Kiirishi, Mkatoliki, ambaye alijiita James McKenna. Mwaka uliofuata alikuwa ameshapokewa katika tawi la Hibernians la Shenandoah, akinywa, akiimba na kuandika ripoti.

Mgomo mrefu ulianza Januari 1875. Ulidumu hadi katikati ya mwaka, familia zikila majani na mizizi. Wafanyakazi walishindwa wakarudi kazini kwa mshahara uliopunguzwa kwa asilimia 20, na chama cha Siney kikafa. Mfuatano huu una uzito wake: mauaji ya 1875 yaliyoanzisha kesi hizi yalifuata pale njia ya majadiliano ilipokuwa imekwisha kuzibwa.

Julai 1875 polisi mmoja wa Tamaqua, Benjamin Yost, alipigwa risasi. Septemba 3, asubuhi, John P. Jones, msimamizi wa mgodi mwenye asili ya Wales, aliuawa Lansford akienda kazini. Siku hiyohiyo wanaume watatu, Michael Doyle, Edward Kelly na James Kerrigan, walikamatwa karibu na Tamaqua na wananchi waliowafuatilia. Walipelekwa jela ya Mauch Chunk.

Desemba 10 mwaka huohuo, huko Wiggans Patch katika Kaunti ya Schuylkill, watu waliofunika nyuso walivunja nyumba usiku. Waliwaua Charles O'Donnell na dada yake, Ellen McAllister. Hakuna aliyehukumiwa kwa mauaji hayo. McParland mwenyewe aliwaandikia wakubwa wake kwa hasira, akilalamika kwamba mwanamke ameuawa na akitaka kuacha kazi. Aliendelea.

Januari 1876 kesi ya Doyle ilianza Mauch Chunk, na mwanzoni mwa Februari akapatikana na hatia ya mauaji ya daraja la kwanza. Kerrigan aliona upepo unavyovuma. Akageuka shahidi wa upande wa mashtaka. Kelly alihukumiwa miezi michache baadaye. Kisha akashtakiwa Alexander Campbell, mwenye kilabu cha pombe Lansford, ambaye hakuwepo mahali Jones alipouawa. Alishtakiwa kwamba alipanga. Upande wa mashtaka ulisema Jones aliuawa kwa kubadilishana kazi: watu wa Lansford wamuue Yost kwa ajili ya Tamaqua, na watu wa Tamaqua wamuue Jones kwa ajili ya Lansford. John Donahue alihukumiwa kwa mauaji ya zamani zaidi, ya msimamizi Morgan Powell, yaliyotokea Desemba 1871. Campbell naye alihusishwa na hayo.

Juni 21, 1877 jukwaa la kunyongea lilisimamishwa ndani ya korido ya seli. Campbell, Doyle, Kelly na Donahue walinyongwa kwa wakati mmoja. Siku hiyohiyo wengine sita walinyongwa Pottsville, Kaunti ya Schuylkill. Wenyeji waliiita Siku ya Kamba.

Machi 28, 1878 Thomas Fisher alinyongwa Mauch Chunk. Januari 14, 1879 ikawa zamu ya James McDonnell na Charles Sharp, kwa mauaji ya 1863 ya mmiliki wa mgodi aliyeitwa George K. Smith. Gavana John Hartranft alikuwa ametuma telegramu ya kuahirisha. Mjumbe alifika kwenye mlango wa jela na telegramu mkononi wakati watu hao wawili wameshaning'inia. Kengele ililia kwa watu waliokuwa wameshamaliza.

## Maamuzi na sababu zake

Ni rahisi kusema leo kwamba kaunti ilikosea. Inafaa zaidi kuuliza kila uamuzi ulionekanaje kwa aliyeufanya, kwa sababu maafisa wale hawakujiona kama vibaraka.

Kwanza, kuhusu polisi. Vijiji vya wachimbaji vilikuwa mbali na vimetawanyika, na jimbo halikuwa na jeshi lake la polisi. Kwa hiyo sheria za 1865 na 1866 ziliruhusu kampuni za reli na migodi kuwa na polisi wao. Gavana aliwapa watu hao kibali kwa ada ya dola moja kila mmoja. Walikuwa na mamlaka ya jimbo lakini walilipwa na kampuni. Kwa kaunti isiyo na fedha, huo ulionekana msaada wa bure. Watuhumiwa wengi wa 1876 walikamatwa na polisi hao na kuletwa kwenye mlango wa jela, na sherifu akawapokea.

Pili, kuhusu waendesha mashtaka. Kaunti ilikuwa na mwanasheria wake, lakini kesi zilikuwa ngumu. Mawakili wa kampuni walijitolea kusaidia, na msaada huo ukageuka uongozi. Aliyeng'ara zaidi Mauch Chunk alikuwa Charles Albright, aliyewahi kuwa mbunge huko Washington na jenerali wa vita vya wenyewe kwa wenyewe. Alikuwa wakili wa kampuni ya Lehigh and Wilkes-Barre, kampuni ileile iliyomwajiri marehemu Jones. Aliingia mahakamani amevaa sare yake ya kijeshi. Hebu jiweke kwenye kiti cha mwananchi anayeamua kesi ile, miaka 11 tu baada ya vita, ukimtazama mtu huyo akisimama kukuhutubia. Kule Schuylkill, Gowen alifanya zaidi: aliendesha mashtaka mwenyewe.

Tatu, kuhusu juri, yaani wale wananchi 12 wanaoamua hatia. Wairishi Wakatoliki waliondolewa. Wengi waliobaki walikuwa na asili ya Kijerumani, wakulima wa Pennsylvania, baadhi yao wakiwa na Kiingereza cha kubabaisha. Sababu iliyotolewa ilikuwa kwamba Mwirishi hawezi kumhukumu Mwirishi bila upendeleo. Hakuna aliyeuliza kwa sauti kama jirani Mprotestanti anaweza.

Nne, kuhusu Kerrigan. Hapa nakiri nawaelewa waendesha mashtaka. Bila mtu wa ndani kesi ya Jones isingefika kwa Campbell. Lakini Kerrigan alikamatwa pamoja na wauaji, alikuwa na shingo yake ya kuokoa, na katika kesi ya Yost huko Pottsville mke wake mwenyewe alisema mahakamani kwamba muuaji ni mume wake. Alitoka huru.

Tano, kunyonga wanne pamoja ndani ya korido. Mamlaka ziliogopa watu kuja kuwaokoa waliohukumiwa. Korido ilikuwa salama. Ilikuwa pia mbele ya milango ya mahabusu wengine.

Sita, Januari 1879. Sherifu alikuwa na hati ya kifo yenye tarehe. Sheria haikumlazimisha kusubiri telegramu ambayo huenda isingekuja. Lakini haikumlazimisha pia kuharakisha, na maombi kwa gavana yalikuwa yanajulikana.

## Matokeo

Watu ishirini walinyongwa katika kesi za Molly Maguires kote Pennsylvania hadi 1879. Saba kati yao ni wa jela hii. Hibernians walitikiswa, na Kanisa lilikuwa limewatenga waliotajwa kuwa wanachama wa kundi la siri.

Kama lengo lilikuwa amani ya viwanda, amani haikuja. Chini ya mwezi mmoja baada ya Siku ya Kamba, Julai 1877, mgomo mkubwa wa reli ulilipuka sehemu nyingi za Marekani, na katika mji wa Reading, nyumbani kwa reli ya Gowen, wanajeshi waliwafyatulia watu risasi na kuua. Mwaka 1880 reli ya Gowen ilifilisika.

Mabadiliko ya sheria yalikuja kwa mwendo wa kobe. Pennsylvania iliunda polisi wake wa jimbo 1905, baada ya mgomo mwingine mkubwa wa makaa wa 1902. Polisi wa kampuni waliendelea kuwepo kwa miongo mingine, hadi gavana Gifford Pinchot alipofuta vibali vyao miaka ya 1930.

Mwaka 1979 gavana Milton Shapp alitia saini msamaha kwa John Kehoe, aliyenyongwa Pottsville Desemba 1878 na ambaye kampuni zilimwita mfalme wa Molly Maguires. Ombi lililetwa na kitukuu wake. Ulikuwa umepita zaidi ya karne.

Jela yenyewe iliendelea kufanya kazi. Mji ulibadilisha jina 1954 ukawa Jim Thorpe, kwa heshima ya mwanariadha aliyezikwa hapo. Jengo liliingizwa katika orodha ya kitaifa ya majengo ya kihistoria 1974, likiwa bado na mahabusu ndani. Walihamishwa Januari 1995. Kaunti ikaliuza kwa familia ya mjini hapo, ambayo imelifungua kama makumbusho.

## Uchambuzi

### Kilichofanya kazi

Watu wengi wanaosimulia kisa hiki hulifanya jengo kuwa adui. Mimi sikubali. Linganisha Mauch Chunk ya Septemba 1875 na Wiggans Patch ya Desemba. Doyle, Kelly na Kerrigan walikamatwa siku ambayo damu ya Jones haijakauka, na wananchi wenye silaha. Hasira ilikuwa ya kweli. Walifikishwa jela wakiwa hai, wakalala humo miezi, na hakuna kundi lililowatoa usiku. Huko Wiggans Patch hakukuwa na ukuta, sherifu wala mlango wa chuma, na waliolengwa waliuawa wakiwa na nguo za kulalia, pamoja na mwanamke ambaye hakutuhumiwa lolote.

Kwa hiyo jela ya kaunti ilitimiza kazi yake ya kwanza, kumlinda mtuhumiwa dhidi ya wanaotaka kumuua kabla ya kusikilizwa. Kazi hiyo huwa haitajwi, na katika nchi nyingi ndiyo inayoshindwa kwanza. Unene wa ukuta ulisaidia, na sherifu aliyekubali kusimama nyuma ya ukuta huo alisaidia zaidi.

### Kilichoshindwa

Tatizo lilianza pale watuhumiwa walipotoka selini kwenda mahakamani. Fuata mnyororo kiungo kwa kiungo. Aliyepeleleza alilipwa na reli. Waliokamata watuhumiwa wa baadaye walilipwa na migodi. Aliyehutubia juri alikuwa wakili wa mwajiri wa marehemu. Kaunti ilibaki na jaji, sherifu, seli na kamba. Kila kiungo kikitazamwa peke yake kilikuwa na sheria inayokiruhusu. Hakuna afisa wa umma hata mmoja aliyekuwa na jukumu la kuutazama mnyororo mzima na kusema kwamba upande mmoja wa mgogoro wa kazi umeshika kila kiungo.

Ndiyo maana sipendi maelezo kwamba Gowen alikuwa mjanja na wengine wajinga. Gowen alitumia nafasi iliyoachwa wazi na jimbo lisilotaka kulipia polisi. Kaunti iliyopokea polisi wa dola moja ilijiona imeokoa fedha, na gharama ikalipwa kwenye hukumu. Afisa yeyote wa serikali ya mtaa anayepewa leo walinzi, magari au wanasheria wa bure na kampuni yenye maslahi katika eneo lake angefaa kuisoma sehemu hii mara mbili.

Udhaifu wa pili ni ushahidi wa mshiriki wa kosa. Hapa tuna bahati ya kuwa na kipimo, kwa sababu McParland huyohuyo alirudia mbinu hiyohiyo miaka thelathini baadaye. Gavana wa zamani wa jimbo la Idaho, Frank Steunenberg, aliuawa kwa bomu Desemba 1905. McParland alimkuta muuaji, Harry Orchard, ameshakamatwa, akamshawishi akiri, na Orchard akawataja viongozi wa chama cha wachimba migodi kuwa ndio waliomtuma. Mmoja wa viongozi hao, Bill Haywood, alishtakiwa Boise, mji mkuu wa Idaho, 1907. Mpelelezi ni yule, shahidi ni wa aina ileile, na adui ni chama cha wafanyakazi vilevile. Tofauti ni kwamba sheria ya Idaho ilitaka maneno ya mshiriki wa kosa yaungwe mkono na ushahidi mwingine, na wakili Clarence Darrow alikuwa upande wa utetezi kulisisitiza hilo kwa juri. Haywood aliachiwa huru.

Sidai kwamba Campbell hakuwa na hatia. Wala sidai kwamba Doyle na Kelly hawakumpiga Jones risasi; ushahidi dhidi yao ulikuwa mzito kuliko ule dhidi ya Campbell, na walikamatwa siku ileile. Nadai kwamba kwa kanuni iliyotumika Boise, kesi ya mtu ambaye hakuwepo, iliyobebwa na maneno ya mtu aliyeokoa shingo yake na ya mpelelezi wa kulipwa, ilikuwa na nafasi kubwa ya kuanguka. Kuwaweka wote wanne juu ya jukwaa moja kulifuta tofauti hiyo. Aliyetazama toka kwenye roshani aliona kosa moja lenye uzito mmoja.

Udhaifu wa tatu ni kengele ya 1879. Wengine huona bahati mbaya tu. Mimi naona utaratibu uliokosa hatua moja ndogo: kabla ya kuvuta, mtu atumwe ofisi ya telegramu akaulize, na mlango uwe na mtu wa kufungua. Jela iliyojengwa ili isiingilike kirahisi ilikuwa ngumu kuingilika hata kwa karatasi ya gavana. Hatua hiyo ingegharimu dakika chache katika kesi ya mauaji yaliyokuwa na umri wa miaka zaidi ya 15.

### Jengo baada ya kuwa makumbusho

Kinachowavuta wageni wengi ni seli namba 17. Ukutani kuna alama ya kiganja. Simulizi inasema mmoja wa waliohukumiwa alipaka mkono wake vumbi la sakafu, akaubandika ukutani na kuapa kwamba hana hatia na alama itabaki milele. Simulizi moja inamtaja Campbell, nyingine Fisher. Inasemwa pia kwamba ukuta umeoshwa, umepakwa rangi, hata umebomolewa na kupigwa lipu upya, na kiganja kikarudi.

Kwa mtunza historia hili ni jaribu zito. Kiganja si ushahidi wa hatia wala wa kutokuwa na hatia, na simulizi isiyojua ni mkono wa nani haiwezi kubebeshwa kesi. Hata hivyo nisingekifuta, wala nisingemlaumu anayekionyesha. Kwa miongo mingi familia za walionyongwa zilinyamaza kwa aibu na woga, huku maandishi yaliyosomwa zaidi yakiwa ya upande wa Pinkerton. Kiganja kilikuwa ndiyo rufaa pekee iliyobaki ikisikilizwa, na watu wa kawaida ndio waliokuwa wakiisikiliza.

Kinachokosekana katika masimulizi mengi ya jela hii ni upande wa pili wa mauaji. Jones alikwenda kazini asubuhi asirudi. Powell aliuawa jioni ya Desemba. Majina yao hutajwa kama kianzio cha kesi, kisha huachwa. Mgeni anayesimama katika korido ile anapaswa kuonyeshwa jukwaa lilipokuwa na kuambiwa pia nani alikuwa amelala kaburini kabla halijajengwa. Anapaswa kuonyeshwa orodha ya nani alimlipa nani: mpelelezi, polisi, wakili. Orodha hiyo haina mvuto wa kiganja, lakini ndiyo inayoeleza kwa nini msamaha wa 1979 uliandikwa kwa ajili ya Kehoe wa Pottsville, na kwa nini jamaa za wale saba wa Mauch Chunk walikuwa na sababu ya kuendelea kuuliza juu ya watu wao.